Daftari la Nusura

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Mlango wa chuma wa jengo la sayansi unafunguka, na mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba anaingia bila kuwasha taa. Anasimama katikati ya ukumbi, mkoba begani, macho ameyafumba. Ukimwona utadhani amesahau alichofuata, au usingizi umemsindikiza kutoka nyumbani.

Hajasahau kitu. Anasikiliza.

Nyuma ya milango friji zinanguruma polepole. Ghorofa ya pili kuna mashine inahema, inanyamaza, inahema tena. Mahali fulani bomba linadondosha tone kwenye sinki, halafu jingine. Mwanga wa alfajiri unapenya vioo vya juu, mweupe kama maji ya mchele, na vumbi linaelea ndani yake bila haraka yoyote.

"Jengo limelala vizuri leo," anasema kwa sauti ya chini. "Likilala vibaya nalisikia. Siwezi kukueleza nasikia nini, ila nalisikia."

Ana umri wa miaka hamsini na minane. Kazi yake ni ofisa usalama wa maabara katika chuo kikuu: vyumba arobaini na kimoja, ghorofa tatu, chupa za kemikali zaidi ya elfu sita, na watu mia tatu na ushee wanaoingia na kutoka wakiwa na akili nyingi kichwani na kamba za viatu zimefunguka. Jina lake halisi liko kwenye karatasi ya mshahara tu. Kuanzia makamu mkuu wa chuo mpaka mlinzi wa getini, wote wanamwita Mama Nusura.

Anapanda ngazi. Kila mlango anaugusa kwanza kwa mgongo wa mkono, kuona kama una joto. Kisha anachungulia kupitia kioo kidogo. Ndipo anapoingia. Anafungua bomba la kuoshea macho na kuliacha litiririke mpaka ahesabu kumi, maana bomba lililokaa wiki nzima bila kufunguliwa hutoa kutu, na mtu aliyemwagikiwa asidi machoni hana muda wa kungoja kutu iishe.

Kwenye kabati la kufyonza mvuke anatoa mfukoni kikaratasi laini, chembamba kuliko ganda la kitunguu, anakishika mbele ya mdomo wa kabati. Kikaratasi kinainama kuelekea ndani, taratibu. Anatabasamu peke yake.

"Linavuta," anasema. "Hii mashine ya kupimia upepo waliyoninunulia ni nzuri, na ripoti naandika kwa mashine. Lakini kikaratasi nakipenda. Kinanionyesha hewa inakokwenda, na hewa siku zote ina mahali inakwenda."

Akitembea, mkono wake wa kulia unaingia kwenye mfuko wa koti na kutoka, unaingia na kutoka. Mfuko huo umelegea, umechukua umbo la kitu kizito kilichokaa humo miaka mingi. Kwa sasa hauna kitu.

Humo ndimo lilimokuwa kufuli jekundu.

Kufuli lenyewe si kubwa, lingetosha mlango wa banda la kuku. Lakini lilimpa mamlaka ambayo hata wakuu wa idara hawana: akiona hatari, anaweza kufunga maabara yoyote kwa saa ishirini na nne bila kuomba saini ya mtu. Wiki tano zilizopita aliliacha kwenye meza ya kamati ya usalama. Leo, saa nne asubuhi, kamati hiyo hiyo inakaa kuamua kama atarudishiwa au ndiyo basi.

"Nisikudanganye, nina hofu," anasema. "Chai nimeiacha mezani nyumbani."

Hadithi ya kufuli inaanza mbali kidogo. Miaka ishirini na saba iliyopita aliingia kwenye jengo hili na ndoo na fagio. Alikuwa mfagizi, mama wa watoto wawili wadogo, na hakuna aliyemwambia kitu kuhusu kemikali zaidi ya "usiguse". Siku moja aliona sakafu ya choo cha ghorofa ya kwanza ina madoa sugu. Akamwaga dawa ya kung'arishia nguo kwenye ndoo. Akaona haitoshi, akaongeza dawa ya kusafishia choo, ile yenye asidi.

"Nilidhani nikichanganya mbili nguvu zitakuwa mbili," anasema, na mpaka leo anatikisa kichwa. "Loo! Ukatoka moshi wa kijani-njano, nikakabwa koo. Nikaona kuta zinarudi nyuma."

Fundi sanifu mmoja wa maabara, mzee mkali ambaye sasa ni marehemu, alimvuta nje kwa ukosi wa sare yake. Alimkalisha kwenye nyasi, akangoja mpaka apate pumzi. Mfagizi alijua hapo hapo kwamba amemwaga unga. Akajiandaa kutukanwa.

"Hakunitukana. Akachuchumaa mbele yangu, akasema, 'Haya, bibie, hebu nieleze ilivyokuwa, pole pole.' Nikamweleza. Akachukua daftari, akaandika. Sikuamini. Maneno ya mfagizi yanaandikwa!"

Mzee huyo ndiye aliyemfundisha majina ya kemikali, moja kwa siku, wakati wa mapumziko ya chai. Baadaye akamsukuma akasome cheti, kisha stashahada. Alisoma miaka sita akiwa kazini, vitabu vimewekwa juu ya cherehani ya mumewe, ambaye ni fundi wa kushona.

Siku alipopewa cheo cha ofisa usalama, kitu cha kwanza alichoomba hakikuwa meza. Aliomba madaftari arobaini na moja. Akayatoboa pembeni, akayafunga kamba, akatundika moja nyuma ya kila mlango. Juu ya jalada aliandika neno moja: NUSURA.

Sheria zake ni fupi. Kitu kikikaribia kutokea lakini kisitokee, kiandike. Jina si lazima. Daftari halitoki mlangoni pake. Na lolote lililoandikwa humo halitatumika kumwadhibu mtu, kumsifu mtu, wala kushinda ubishi na mtu.

Mwanzoni madaftari yalikaa meupe miezi. Kisha zikaanza kuingia sentensi, moja moja, kama watu wanaoingia kwenye chumba chenye mgonjwa.

"Nusura ninywe asidi. Ilikuwa kwenye kikombe kinachofanana na changu, na vyote vilikuwa jirani." "Nusura nizime feni ya kabati kwa sababu sikuwa namsikia mchumba wangu kwenye simu." "Nusura nimwache mwenzangu na jaribio la moto peke yake. Kulikuwa na mpira." Chini ya hiyo ya mpira, mkono mwingine umeandika: "Na tulifungwa."

Mama Nusura huyasoma yote. Husoma akiwa amesimama, ubao wa mlango ukiwa nyuma ya bega lake. Anasema huwa anaiona siku ile nyingine, ile ambayo kikombe kilinyanyuliwa mpaka mdomoni.

"Watu wengine kazi yao unaiona," anasema. "Mume wangu anashona gauni, gauni linatembea barabarani. Mimi ninachokishona hakionekani. Jioni nikirudi nyumbani nimechoka, ukiniuliza umefanya nini leo, nitakwambia nini? Nimefanya kisitokee kitu."

Ndiyo maana, anasema, akaanza kuhesabu vidole. Kwenye kantini, saa ya chai, anapita kati ya meza akitazama mikono iliyoshika vikombe. Kumi. Kumi. Kumi. Wanafunzi walipogundua, wakafanya mchezo: wakimwona tu kwenye korido wananyanyua mikono yote miwili, vidole vimetanuliwa, wanapaza sauti, "Kumi, mama!" Naye anajibu, "Kumi, wanangu, nendeni nazo nyumbani."

Profesa wa ghorofa ya pili hakuwahi kunyanyua mkono. Ni mtu wa heshima zake, mrefu, anayeandika kwa wino wa kijani na kusalimia kwa nyusi. Aliona mambo ya vidole ni ya chekechea. Daftari lililo nyuma ya mlango wake lilikuwa na maandishi ya wanafunzi tu.

Ni kwenye maabara yake ndiko ilikoonekana chupa iliyozua haya yote.

Ilikuwa Jumatatu, wiki saba zilizopita. Mama Nusura alikuwa akipanga rafu ya chini, mkono umenyooshwa kuifuata chupa ya etha ili apanguse vumbi nyuma yake. Etha ni kimiminika cha kuyeyushia, kiko kwenye maabara nyingi, na chupa mpya haina ubaya mkubwa ukiiweka mbali na moto. Ubaya uko kwenye uzee. Chupa ikishafunguliwa, hewa inaingia, na miezi ikipita ndani yake kinajitengeneza kitu kingine, chembe nyeupe zinazojikusanya shingoni. Ukizungusha kifuniko, ule msuguano tu unatosha kuilipua. Kwa hiyo sheria inasema: andika tarehe uliyofungua, na ikitimiza mwaka iondolewe.

Kibandiko cha chupa hii kilikuwa safi, wino mweusi umekolea, tarehe ya miezi miwili nyuma. Hakuna tatizo hapo.

"Mkono ukasimama wenyewe," anasema. Ananyoosha mkono hewani kuonyesha, na unasimama kweli, kama shubiri moja kutoka kwenye kitu ambacho hakipo. "Nikatazama kifuniko. Kilikuwa cha bati. Stoo yetu iliacha kuleta vifuniko vya bati miaka tisa iliyopita. Nikajiuliza, wewe chupa, umezaliwa lini? Halafu nikaona ule weupe chini ya kifuniko, kama chumvi."

Alirudi nyuma hatua kwa hatua, bila kugeuka. Akawatoa watu kumi na mmoja kwa sauti ile ile anayotumia kuomba chumvi mezani. Akafunga mlango kwa kufuli jekundu, akakaa sakafuni mbele yake.

Wataalamu wa milipuko waliichukua chupa siku ya tatu, ndani ya sanduku lililojaa mchanga, gari likienda mwendo wa arusi. Waliilipua kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Mlinzi wa getini anasema aliusikia mlio, na ng'ombe wa jirani nao waliusikia.

Kwa ruhusa ya kamati maabara iliendelea kufungwa, jumla siku tisa, kila chupa ikikaguliwa. Katika siku hizo tisa jaribio la Profesa la miezi kumi na minne liliharibika, kwa kuwa lilihitaji mtu wa kulihudumia kila asubuhi. Profesa akaandika barua ya kurasa nne kwa kamati. Alitaka mambo mawili. Kwanza, kufuli lisiachiwe mtu mmoja tena. Pili, mwanafunzi aliyeandika tarehe ya uongo kwenye kibandiko aondolewe chuoni.

Mwanafunzi huyo ni binti wa uzamivu, mwaka wa mwisho, mwenye miwani mizito iliyomfanya aitwe Miwani. Mama Nusura alimkuta kwenye ngazi za nyuma, analia kwa kwikwi.

"Mama, sikudanganya," alisema. "Kibandiko kilikuwa kimefifia, nikabadilisha. Ndivyo tunavyofanya kila mwezi wa kwanza. Aliyenitangulia alifanya hivyo, na aliyemtangulia yeye pia. Kibandiko kipya, tarehe ya siku hiyo, jina lako. Tulikuta hivyo."

"Nani aliwaambia tarehe ya siku hiyo?"

"Sijui, mama. Ndiyo desturi."

Mama Nusura anasema damu ilimshuka mpaka kwenye viatu. Kwa sababu desturi hiyo yeye aliijua ilikozaliwa.

Nyumbani alipekua faili lake la zamani juu ya meza ya kukatia nguo. Karatasi ilikuwepo. Tangazo la miaka kumi na moja iliyopita, mwandiko wake mwenyewe: kila mwezi wa kwanza, vibandiko vilivyofifia vibadilishwe, kiandikwe jina la kemikali, tarehe, na jina la aliyebandika. Hakuandika kwamba tarehe ya zamani inakiliwe. Ilikuwa wazi mno kichwani mwake, akasahau kwamba kichwa chake hakitundikwi ukutani.

Basi kila mwaka mwanafunzi mwenye bidii aliipa chupa ile siku mpya ya kuzaliwa. Wavivu wangeiacha na kibandiko kilichofifia, na angeigundua zamani. Ni watiifu ndio walioificha. Na kila mwaka katika ukaguzi yeye mwenyewe aliinyanyua, akasoma tarehe, akairudisha. Aliinyanyua kwa mkono huu huu. Mara kumi na moja.

Matangazo yote ya kwenye kuta yalikuwa yameshachakaa na kutupwa. Karatasi iliyobaki duniani ilikuwa moja.

Mumewe, mtu wa utani, alishusha miwani puani akaisoma, akairudisha. "Hii kaiona nani?"

"Wewe."

"Mimi fundi cherehani, nasoma inchi tu. Tarehe sizijui."

Hawakucheka. Baadaye akamwambia kwa upole, "Mama watoto, ukiitoa hii watakuchukulia kufuli. Na umebakiza miaka miwili tu."

"Na nikiificha?"

Mumewe alikanyaga cherehani, akashona mshono mrefu, akafika mwisho, akakata uzi. "Basi utalala upande mmoja tu," alisema.

Kulala hasa ndiko kulikokuwa kugumu. Anasimulia ndoto aliyoiota siku mbili mfululizo: yuko kwenye korido ya ghorofa ya pili, milango yote iko wazi, na ndani ya kila chumba kuna siku ambayo haikutokea. Kwenye kimoja mtu anakinyanyua kikombe. Kwenye kingine mfagizi kijana amelala kando ya ndoo. Kwenye cha mwisho Miwani amekaa kitako, anaizungusha chupa mikononi anasoma kibandiko, anatabasamu, kwa sababu tarehe ni nzuri. "Nikipiga kelele hazitoki," anasema. "Naye ananinyanyulia mikono. Kumi, mama."

Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa Profesa, akachukua daftari, akaandika nusura yake. Ilikuwa mara ya kwanza yeye mwenyewe kuandika humo. Na akatia sahihi kwa majina yake yote matatu, yale ya kwenye karatasi ya mshahara.

Kisha akaipeleka ile karatasi ya tangazo mbele ya kamati, watu saba kwenye meza ndefu, akaisoma kwa sauti. "Huyu binti alifanya nilichoagiza," aliwaambia. "Kosa ni langu."

Miwani akasafishwa jina siku hiyo hiyo. Kuhusu kufuli, mwenyekiti, mama mwenye sauti ya baridi, aliuliza swali moja: kama utaratibu mbovu ulikuwa wako, kwa nini tuendelee kukuamini peke yako? Mama Nusura akaingiza mkono mfukoni, akalitoa, akaliweka juu ya meza.

Tangu hapo, kufunga chumba kunahitaji saini ya mkuu wa idara. Wiki mbili zilizopita, ghorofa ya tatu, alikuta mtungi wa gesi unavuja kwenye koo. Mkuu wa idara alikuwa safarini, kaimu wake yuko kwenye mkutano, simu imezimwa. Mama Nusura aliwatoa watu, akaburuta kiti mpaka mlangoni, akakaa.

"Dakika arobaini," anasema. "Kijana mmoja akaniambia, mama, nimesahau simu yangu ndani, nipishe kidogo tu. Nikamwambia, utanibeba kwanza, na mimi mzito. Nikawa kufuli mwenyewe." Anacheka, halafu kicheko kinakatika. "Lakini siwezi kukaa kwenye milango arobaini na mmoja."

Sasa ni saa moja na nusu. Jua limefika kwenye meza za ghorofa ya pili na vioo vimeanza kuwaka, chupa baada ya chupa, za kahawia, za kijani, za rangi ya chai. Mama Nusura anaugusa mlango wa Profesa kwa mgongo wa mkono. Hauna joto. Anaingia, anakagua bomba, anakagua kikaratasi, anazipitia rafu. Vibandiko sasa vina mistari miwili: siku ya kufunguliwa, ambayo haibadilishwi milele, na siku ya kubandikwa. Miwani ndiye aliyeichora.

Mwisho, kama kawaida, anageuka kulichukua daftari la mlangoni. Anafunua ukurasa wa mwisho.

Kuna mistari sita ya wino wa kijani.

"Nusura," imeandikwa. "Miaka minne iliyopita nilikuwa natafuta kitu kwenye rafu ya chini. Niliiona chupa yenye kifuniko cha bati. Nilijua ni ya zamani. Nilisoma kibandiko, kikaniambia ninachotaka kusikia. Nilikuwa na haraka, nikaisukuma nyuma. Tangu nikulaumu, silali." Chini yake, sahihi kamili.

Anausoma mara mbili. Midomo inatembea bila sauti. Kisha anakaa kwenye kiti cha karibu, daftari mapajani, na machozi yanamtoka waziwazi, hayafichi.

"Masikini," anasema. "Miaka minne kaibeba peke yake."

Mtu yeyote mwenye akili timamu angeona kilichoko mapajani mwake. Zimebaki saa mbili na nusu kamati ikae. Mlalamikaji mkuu ameandika kwa mkono wake kwamba naye aliiona. Ukurasa mmoja tu mbele ya mwenyekiti, na mchezo umekwisha.

Anapoulizwa kama atalipeleka, anashtuka kana kwamba ameambiwa amwibie mtu viatu msikitini.

"Weee! Daftari halitoki mlangoni. Nikilitoa leo kwa faida yangu, kesho nani ataandika?" Anapangusa macho kwa ukingo wa koti. "Wakininyima kufuli, nitatembea na kiti."

Analifunga. Anaitafuta ile kamba, anaifunga kwenye msumari kwa vifundo viwili, na kulinyoosha likae sawa.

Saa nne kamili chumba cha kamati kimejaa. Mama Nusura amekaa mwisho wa meza, mikono juu ya mkoba. Kufuli jekundu liko mbele ya mwenyekiti, juu ya rundo la karatasi, linafanya kazi ya kuzuia upepo usizipeperushe. Mwenyekiti anamwomba aeleze kwa nini anadhani anastahili kurudishiwa. Anasimama, anakohoa kidogo.

"Samahani, mwenyekiti." Ni Profesa. Ameshasimama, urefu wake wote. "Nina jambo la kusema kabla ya mama. Nilipaswa kulisema wiki tano zilizopita."

Analisema lote, rafu ya chini, kifuniko cha bati, haraka yake. Sauti inamkatika mahali pamoja tu, anapowataja watu kumi na mmoja waliokuwa chumbani siku ile. "Mimi niliiona nikapita," anamalizia. "Yeye aliiona akasimama. Hana utaratibu usio na makosa, wala mimi sina. Lakini kosa lake alilileta hapa mwenyewe. Langu nililifunga kwenye barua ya kurasa nne. Mpeni kufuli lake."

Nje ya dirisha mtu anafagia njia, shwaa, shwaa. Mwenyekiti anawatazama wenzake mmoja mmoja, na mmoja mmoja wanatikisa kichwa kukubali. Anachukua kufuli, anainuka, anatembea urefu wa meza nzima kulipeleka. Sharti ni moja: kila mwaka mtu kutoka nje aje aukague utaratibu wa mkaguzi.

"Hilo ningeliomba mwenyewe," Mama Nusura anasema, na kufuli linatumbukia mfukoni. Koti linavutika upande wa kulia, linakaa kama linavyopaswa kukaa.

Akiwa kwenye korido anazungumzia miaka yake miwili iliyobaki. Anataka kumfundisha Miwani njia yote, kuanzia ukumbini na macho yamefumbwa mpaka mlango wa arobaini na moja. Binti amekubali. Jumatatu wataanza pamoja, na kufuli litakaa mfukoni mwa binti.

"Na siku ya kustaafu, wenzangu hupewa saa ya ukutani," anasema. "Mimi sitaki saa. Nataka watu wa vyumba vyote wasimame hapa koridoni, wanyanyue mikono, nipite nikihesabu mpaka mwisho. Nikikuta hakuna kilichopungua, nitakwenda nyumbani nikalale pande zote mbili."

Anatazama mbali, kama mtu ambaye ameshaiona siku hiyo na anaitembelea tu.

Nyuma yake mlango wa kamati unafunguka. Profesa anatoka na faili zake, anasita, anaona haya, anataka kupita kwa nyusi kama kawaida. Kisha anasimama. Anaweka faili sakafuni, chini kabisa, ili mikono yote miwili iwe huru. Anainyanyua pole pole mpaka usawa wa mabega, na kutanua vidole.

"Kumi, mama," anasema.

Mama Nusura anavihesabu kimoja kimoja.